Asumini Ndani ya Kasha la Kamera

Mwanangu Salha,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua: umetoka hapa asubuhi kwenda Uroa kumuaga mamdogo wako Zawadi, chai hukuimaliza, na umeninunia. Yangu nawe unaijua, maana ni wewe uliyeniacha nayo. Basi salamu tuziweke, tutasalimiana ukirudi umeshapoa.

Alasiri nimeshasali, nimekaa pale pako dirishani. Kutoka huku juu ghorofa ya tatu naiona Michenzani yote inapita chini, nawajua watu kwa kofia zao na mitandio yao. Baba yako yuko msikitini, na akitoka huko atakwenda barazani kwake, kwa hiyo nina nafasi mpaka magharibi. Kesho boti ya asubuhi inakuchukua, kisha basi, na keshokutwa uko Arusha kwenye hiyo studio ya picha iliyokukubali. Begi lako jipya limesimama hapa mlangoni, limeshajaa, limefungwa zipu zote.

Sitokwambia ule kabla hujalala, wala uvae sweta, wala usali kwa wakati. Hayo umeyasikia wiki nzima mpaka ukawa unayasema pamoja nami, neno kwa neno, umebinua midomo. Nataka nikuhadithie habari za mabegi. Cheka, lakini soma mpaka mwisho, kwa sababu mwishoni kuna jambo ambalo sijawahi kukwambia.

Tuanze na la leo. Nilikuletea kutoka chini ya kitanda kasha jeusi la kamera, nimelifuta vumbi, mpira wake nimeupaka mafuta, nikaliweka mbele yako. Nikasema, "Chukua hili. Hilo lako kitambaa kitupu, mvua moja tu kamera zako zimekwisha."

Ukaniangalia, ukaliangalia kasha. "Mama, jeneza hilo mimi sichukui."

Baba yako chai ilimpalia kwa kucheka. Mimi sikucheka. Nilikujibu maneno mabaya, kwamba nenda basi na mfuko wako, zikiharibika usinililie mimi. Mtu haagwi kwa maneno kama hayo. Nayarudisha, na ningeweza kuyala ningeyala. Halafu nimeshinda peke yangu tangu ulipotoka, nikaona kuwa uliloliita jeneza umeliita kwa jina lake. Aliyezikwa mle namjua mimi.

Nilipoanza kazi hii sikuwa na begi, nilikuwa na mkoba wa ukili. Wewe ulikuwa ukitambaa. Wakati ule harusi za watu wa hapa zilikuwa zimeanza kutaka picha nzuri, lakini siku ya kupamba, bibi harusi anapokaa juu ya kiti amefunguliwa uso na wanawake wamevua mabuibui wanacheza, haingii mwanamume. Wapiga picha wanawake walikuwa wa kuhesabika. Nikajifunza, nikaazima kamera, nikaenda. Mkoba niliushona mwenyewe kwa ndani, sponji nikaikata kwenye godoro lako la kitoto. Ndiyo, wewe ulilala miezi sita kwenye godoro lenye tundu, na bibi yako alinisema sana kwa hilo.

Nilijiona mjanja. Mkoba wa ukili kila mwanamke anao, nani atajua kwamba mle mna kamera? Hakuna aliyejua kweli. Siku moja nyumba moja ya Malindi, ile yenye ngazi za kupanda kwa ubavu, nikauweka ukutani kwenye mikoba ya wenzangu nikaenda kumpiga bibi harusi picha za hina ya miguu. Niliporudi nyumbani na kuufungua, mna bakuli la biriani, limeelemea upande, mchuzi umeshafika kwenye kioo cha lenzi. Bibi mmoja alidhani mkoba ni wake akatia chakula cha kupelekea wajukuu. Kesho yake akaja hapa, amepanda ngazi zote anatweta.

"Mwanangu, biriani yangu imefika salama?"

"Imefika, Bi. Na picha imeshapiga."

Tulicheka mimi na yeye mpaka tukakaa chini. Lakini lenzi ilinuka vitunguu mwaka mzima, na mimi nikajua kwamba begi la kamera lisiwe na uso wa kila mtu. Mwizi halioni, sawa, lakini rafiki pia halioni. Lazima lifunge, na wewe uwe wa kwanza na wa mwisho kulifungua.

Ndipo nikanunua lile la bega moja, jeusi, lenye jina la kampuni kwa herufi nyeupe kubwa za kusomeka toka ng'ambo ya barabara. Hilo nalo lilikuwa na uso wa kupita kiasi. Nikipita Darajani nasikia, "Bi Kamera! Tupige!" Nikawa siwezi kununua hata ndizi bila watu kujua leo kuna harusi kwa nani. Na uzito wote upande mmoja. Angalia picha yoyote niliyopigwa mimi, utaona bega la kulia limeteremka. Hilo bega ni harusi za watu, miaka minane.

Kwa hiyo ulipokuja na begi lako la mgongoni, lenye mikanda miwili na ule mwingine wa kiunoni, la kijivu lisilo na jina, linalofunguka upande wa mgongo ili anayetembea nyuma yako asipate zipu, moyo wangu uliruka kwa furaha. Umechagua vizuri kuliko nilivyowahi kuchagua mimi. Nilichokwambia ni kwamba linakufanya uonekane kobe. Ndivyo nilivyo, Salha. Zuri nalijua, ila mdomoni linatoka jingine.

Sasa kasha.

Kasha alinitafutia bibi yako. Mzungu mmoja mpiga mbizi alikuwa akikaa nyumba ya pili na yake kule Uroa, na alipokuwa anarudi kwao anagawa vitu, bibi yako alimwendea akamwambia, kwa Kiswahili chake na mikono yake, kwamba ana binti anabeba vioo. Akaja nalo kichwani. Plastiki ngumu, vibano viwili vya kubana, na mpira umezunguka mdomo wote. Bibi yako hakuamini kitu kwa kuambiwa. Alitia khanga kavu ndani, akalibana, akalichukua mpaka kwenye shamba lake la mwani baharini, akaliwekea mawe na kuliacha chini ya maji muda wote aliokuwa akifunga mbegu kwenye kamba. Alipolitoa khanga ilikuwa kavu, hata mkunjo haujapotea.

"Hili," akaniambia, "hata ukilitupa baharini litarudi na siri yako."

Nililipenda kasha lile kupita kiasi. Niliingia nalo kwenye harusi kama afisa. Simu za watu zote zinaachwa mlangoni kwenye kapu, lakini kasha langu linapita, na wewe ulipoanza kunifuata, na miaka yako kumi na minne, kazi yako ilikuwa kulikalia ili asiliguse mtu. Kadi yenye picha nikishaitoa kwenye kamera naifunga pindoni mwa khanga yangu, hata kwenye kasha haikai, kwa sababu picha za wanawake wa watu hazikingwi na plastiki, zinakingwa na mtu. Hilo umelijua kwa kuliona. Huko uendako utapiga milima na wanyama, lakini ipo siku utampiga mtu, na mtu huyo atakuwa amekuamini.

Basi Ramadhani ya mwaka ule, ulipokuwa na miaka kumi na sita, iliangukia masika. Harusi ya mwisho ya Shaabani ilikuwa hapa Mji Mkongwe, na mama wa bibi harusi alinipa kikuba cha asumini na rihani, kikubwa, cha kufunika kiganja. Unajua mwezi mtukufu hakuna harusi, kamera inapumzika. Na unajua tunavyofanya sisi na nguo nzuri tukiziweka: unakunja khanga, unatia asumini katikati, unafunga sanduku, na siku ya kuzitoa nyumba nzima inajua. Nikafanya hivyo hivyo. Nikaifuta kamera, nikaizongomeza kwenye khanga ile, lenzi pembeni, kikuba juu yake, nikabana vibano. Wallahi nilikusudia mema. Nilitaka Idi ikifika kamera yangu inukie.

Maua yana maji, Salha. Kasha lisiloingiza tone la bahari halikutoa hata tone la asumini. Mwezi mzima, joto lile, mvua ile, maji ya maua yalizunguka mle ndani hayana pa kwendea.

Harusi ya kwanza baada ya Idi ilikuwa ya mamdogo wako Zawadi, kule Uroa. Nililifungua kasha asubuhi ya siku ya kupamba, harufu ikanijia, uvundo na utamu pamoja. Nikatupa maua, nikaifuta lenzi kwa nje, nikaenda. Kwenye kile kioo kidogo cha kamera niliona kama picha zina ukungu, nikadhani ni mafuta, nikafuta tena na tena kwa pindo la khanga. Uchafu ulikuwa ndani, hauguswi.

Na siku ile ndiyo siku bibi yako alikubali. Unajua alivyokuwa akiikimbia kamera. Miaka yote nikimwelekezea anafunika uso na upande wa khanga, "Picha ya nini, nakufa?" Lakini siku ile mwanawe wa mwisho anaolewa, alikuwa amevaa ile kanzu ya kijani, mikono yake iliyochubuliwa na kamba za mwani ameitia hina. Akakaa mwenyewe chini ya dirisha. Akaniita, "Maryam!" Nikasema, "Naam, mama." Akasema, "Njoo basi unipige, kabla sijabadili shauri."

Nilimpiga picha kumi na moja. Zote ndizo unazozijua. Kabla ya Maulidi alikuwa ameshatutoka.

Ile iliyo ukutani sebuleni hapa, inayomwonyesha bibi yako kama amekaa nyuma ya chandarua, kila mgeni akiuliza mimi nasema, "Ni udi. Siku ile udi ulikuwa mwingi." Nilimwambia hivyo Zawadi, nikamwambia baba yako, nikakwambia wewe. Zawadi alisema, "Mbona mimi ndiye bibi harusi na udi wenyewe sikuuona?" Nikamjibu bibi harusi haoni kitu siku hiyo. Fundi wa kamera kule Darajani nilimpelekea lenzi kwa siri. Aliifungua, akaiangalia juani, akasema, "Bi, humu umepanda bustani." Kuvu ilikuwa imetandaa kioo cha ndani chote, nyuzi nyuzi nyeupe. Aliisafisha kwa kadiri, alama hazikutoka.

Nilikuwa nimejiandaa kukuungamia hilo leo kwa mara ya kwanza. Nilipofika hapa nikaweka kalamu, nikainuka kutia kitu kwenye begi lako, na ndiyo, nimelifungua bila ruhusa yako. Nimeona ulivyopanga. Kila lenzi na chumba chake cha sponji, betri zimefunikwa ncha, na kila pembe umetia vile vipakiti vya chengachenga vya kunyonya unyevu vinavyokuja na maboksi ya viatu. Nikajiuliza, haya ya unyevu nani kakufundisha, maana si mimi. Halafu kwenye mfuko wa kifuniko nikakuta picha ya bibi yako, ile ya kijani, umeichapisha ndogo. Nikaigeuza. Nyuma umeandika kwa penseli:

*Bibi, Uroa. Mama anasema ni udi.*

Nimekaa kitandani kwako, picha mapajani.

Kumbe unajua. Bila shaka umejua tangu siku uliyoshika lenzi yako ya kwanza. Sasa nakumbuka uliniuliza siku moja, umesimama mbele ya ile ya ukutani, "Mama, na chetezo kilikuwa wapi?" Nikasema kilikuwa upande wa pili. Ukasema, "Ahaa," ukaenda zako jikoni kukaangiza samaki. Miaka yote hii wageni wanakuja, mimi nahadithia udi wangu, na wewe unapitisha kahawa, kimya. Ulinisitiri. Mtoto amemsitiri mamaye, na mama hana habari, anajiona yeye ndiye mjanja wa nyumba. Nimelia, sikufichi. Nimelia kwa aibu, na nimelia kwa kukupenda, na vilikuja pamoja.

Basi kilichobaki ni kile usichokijua.

Miaka miwili nyuma ulipopeleka picha zako mara ya kwanza kule Arusha, na simu yako ilikuwa kwa fundi, uliwapa namba yangu. Unakumbuka ulivyongoja. Kila ukirudi unauliza toka mlangoni, hujavua hata viatu, "Mama, kuna mtu kapiga?" Na mimi nasema, "Hajapiga mtu, mwanangu." Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Alipiga, Salha. Alipiga siku ya nne, alasiri kama hii. Yule mama mwenye studio, mwenyewe. Sauti yake nzuri, ana adabu. Akasema picha zako zimempendeza, hasa zile za wakulima wa mwani, na akataka uende. Nilikuwa nimesimama jikoni, nakuna nazi. Bibi yako alikuwa ameshakufa, Zawadi yuko kwa mumewe, baba yako unamjua, akisema maneno kumi kwa siku basi siku hiyo ana homa. Nikaona nyumba hii bila wewe. Sikupanga, nakuapia. Mdomo ulifunguka wenyewe.

"Salha ameposwa," nikasema. "Harusi mwezi ujao. Hatoweza."

Akasema, "Oh, hongereni sana." Nikasema, "Ahsante." Nikaendelea kukuna nazi.

Wewe ulikuja kusema kwamba picha zako labda si nzuri. Ulisema hivyo umekaa hapa hapa nilipokaa. Miezi mitatu hukushika kamera. Na mimi, ili nikufurahishe, nikakupa kasha. Nilikwambia kuanzia leo ni lako, na ulilipokea kwa mikono miwili, ukashukuru, ukalisukuma chini ya kitanda. Sasa unaelewa kwa nini leo ulipolikataa nilikuwa mkali vile. Na labda unaelewa kwa nini ulilikataa, hata kama mwenyewe hukujua.

Mwaka huu ulijaribu tena bila kuniambia, kwa simu yako, kwa barua pepe yako, na kijana wa ofisini kwao ndiye aliyekujibu. Ulipokuja kutuambia umekubaliwa nilipiga vigelegele mpaka jirani wa chini akaja kuuliza. Vilikuwa vigelegele vya kweli. Lakini usiku ule sikulala, kwa sababu nilijua ukifika huko utasimama mbele ya yule mama, na atakumbuka jina, na atakuuliza habari za mumeo.

Kwa hiyo usinione mwema. Ningekuwa mwema ningekwambia zamani. Nakwambia leo kwa sababu naogopa utaambiwa na mwingine. Baba yako nilimwambia juzi. Tulikuwa kitandani. Akasema, "Mwambie kabla hajapanda boti." Akageukia ukutani. Hajanisemesha vizuri tangu hapo, na haki anayo.

Nilifanya kwa nini? Nimejiuliza sana. Nilipoteza uso wa mama yangu kwa sababu nilikipenda kitu nikakibana, halafu sikujifunza. Fundi aliniambia wazi: lenzi ingewekwa juu ya kabati, peupe, ikipigwa na upepo, isingepata hata doa. Nilimsikia. Nikarudi nyumbani nikafanya vilevile kwa mwanangu. Hapana, usinipe udhuru kwamba nilikuwa na msiba. Msiba nilikuwa nao, lakini simu niliijibu mimi.

Kuhusu begi sina cha kukufundisha, ila moja dogo la huko uendako, nililoambiwa na mwenzangu aliyewahi kupiga harusi Moshi. Asubuhi ukitoka kwenye baridi ukaingia ndani kwenye joto, usiifungue kamera papo hapo. Iache ndani ya begi izoee, halafu fungua zipu kidogo, halafu yote. Ukiharakisha itatokwa jasho. Na ukirudi jioni, hata ukichoka vipi, lifungue begi liache wazi usiku kucha. Hilo tu.

Na yule mama akikuuliza, mwambie ukweli. Mwambie hukuposwa, na kwamba mama yako alisema uongo. Kwa picha ya bibi yako ulinisitiri, na Mungu akulipe. Kwa hili usinisitiri. Jina lako ndilo linaloingia mlango ule, si langu.

Kuna jambo la mwisho. Barua hii nilikuwa nimekusudia niifiche kwenye mfuko wa ndani kabisa, uikute kwenye basi, mimi niko mbali na wewe huna pa kunifikia. Hata mahali nilikuwa nimeshapachagua, chini ya zile chaja. Baada ya kuiona picha ya bibi yako nimeona kwamba huko ni kubana vibano tena na kuondoka. Kwa hiyo nitaiweka juu ya mto wako. Utaikuta leo ukirudi, na bado tuna usiku mzima na asubuhi. Ukitaka kunigombeza, nigombeze nikiwa mbele yako. Ukitaka kulia, lia kwenu. Ukitaka usinisemeshe, hata hivyo kesho nitakuja mpaka bandarini, nitasimama pembeni, nitakuangalia unavyopanda na begi lako la kobe mpaka nisione tena. Nimeshaanza kukutamani na hujaondoka. Kila kikombe ninachokishika jikoni kina siku yako ndani yake.

Kasha nimeliinua pale ulipoliacha asubuhi, nimelifungua, nimeliweka dirishani. Litakaa wazi. Nitatia viazi, au paka azalie, sijui.

Asumini nilizonunua Darajani leo nimezitunga mwenyewe kikuba, kidogo. Nimekitia mfuko wa nje, ule wa wavu wa kuwekea chupa ya maji, unaopitisha upepo. Hakigusi lenzi. Kabla hujafika Chalinze kitakuwa kimeshanyauka. Kitupe, usikionee huruma.

Magharibi inaadhiniwa, na gari za Uroa zinaanza kuingia. Ukishasoma, njoo. Niko jikoni.

Mama yako,
Maryam